Kumi Bora za Vurugu: Rejimenti za Waingereza Vitani, Kuanzia Mbuzi Hadi Nyuki

Jeshi la Uingereza lina kipaji chake. Linaweza kuharibu mapigano asubuhi, likaokolewa na ukaidi wa askari wa kawaida mchana, na jioni likapanga karamu ya kuadhimisha jambo hilo kila mwaka, daima dumu. Waandaaji wa karamu ni rejimenti. Rejimenti ya askari wa miguu ya Kiingereza ni kama ukoo: ina mababu, ina miiko, ina mavazi yake na ugomvi wake na majirani, na kama ukoo wowote unaojiheshimu, ina mambo ambayo hayasemwi mbele ya wageni.

Nimepanga kumi, kutoka ya mwisho hadi ya kwanza. Kigezo ni kimoja na hakina rufaa: umbali kati ya kilichotokea uwanjani na kinachosimuliwa mezani. Umbali ukiwa mkubwa, rejimenti inapanda. Ushujaa peke yake haukupi nafasi hapa, maana mashujaa wapo katika kila jeshi, hata yale yaliyopigwa vibaya.

10. Royal Scots: zamu ya kaburini

Hii ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko zote. Ilianzishwa mwaka 1633 na Sir John Hepburn, kwa kibali cha Mfalme Charles wa Kwanza, ili ikaitumikie Ufaransa. Ndiyo, umesoma vizuri. Babu wa rejimenti zote za Uingereza alianza kazi kwa Mfaransa.

Huko Ufaransa wakagombana na rejimenti ya Picardy kuhusu nani alitangulia kuzaliwa. Wapicardy wakajitapa kwamba wao walikuwa zamu usiku ule Yesu alipokuwa kaburini. Waskoti wakajibu kwamba kama zamu ingekuwa yao, wasingesinzia. Tangu hapo wakaitwa walinzi wa Pontio Pilato, na jina wakalipenda.

Machi 2006 waliunganishwa na wenzao kuwa Royal Regiment of Scotland. Walichoshindwa Napoleon na Hitler kikawezwa na watu wa bajeti. Wanabaki nafasi ya kumi kwa sababu hadithi yao tamu kuliko zote ni ya vita ambayo haikupiganwa.

9. Royal Welch Fusiliers: koplo mwenye pembe

Wawelshi hawa walitembea na mbuzi, na warithi wao bado hutembea naye. Tafadhali weka chini kisu na chumvi. Ni askari mwenye namba, cheo na posho ya chakula. Simulizi yao inasema mbuzi wa kwanza alijitokeza mwenyewe katika mapigano ya Bunker Hill, Marekani, mwaka 1775, akatangulia mbele ya bendera. Siku hiyo Waingereza walishinda kwa gharama ya watu zaidi ya elfu moja waliouawa na kujeruhiwa, ila mezani anayekumbukwa ni mbuzi.

Rejimenti hiyohiyo ilimtangaza mshairi Robert Graves kuwa amekufa huko Somme, Julai 1916. Graves alisoma habari za kifo chake akiwa hai, na gazeti la The Times likalazimika kumfufua kwa tangazo.

Turudi kwa mbuzi, wakati huu akiwa na warithi wa rejimenti. Juni 2006 huko Akrotiri, Cyprus, kwenye gwaride la siku ya kuzaliwa ya Malkia, Lansi Koplo William Windsor, mwenye miguu minne, alikataa kufuata mwendo akajaribu kumpiga kichwa mpiga ngoma. Akashtakiwa kwa utovu wa nidhamu, akavuliwa cheo. Madhara yake yalikuwa makubwa: askari wa chini hawakulazimika tena kusimama wima anapopita. Baada ya miezi mitatu ya tabia njema alirudishiwa cheo chake. Shika kisa hiki, maana huko mbele utakutana na majenerali waliofanya makubwa kuliko kupiga mtu kichwa.

8. Norfolk: wingu lisilo na hatia

Agosti 12, 1915, Gallipoli, Uturuki. Batalioni ya 1/5 ya Norfolk inasonga mbele. Ndani yake imo kombania ya watu wa Sandringham, shamba la mfalme: watunza bustani, walinzi wa wanyama, vibarua, wakiongozwa na msimamizi wa shamba, Kapteni Frank Beck. Wanaingia kwenye miti. Hawatoki.

Jenerali Ian Hamilton aliandika taarifa iliyowafanya waonekane wamemezwa na ardhi. Mwaka 1965 mkongwe mmoja wa vita kutoka New Zealand akaongeza chumvi: eti wingu lilitua chini, askari wakaingia ndani yake wakiwa kwenye mstari, kisha likapaa nao. Wapenzi wa visahani vya angani walifurahi sana.

Tatizo ni kwamba mwaka 1919, wakati hakuna aliyekuwa amelisikia wingu, padri wa jeshi Charles Pierrepoint Edwards alishaipata miili. Zaidi ya 100 ilitambuliwa kuwa ya Norfolk. Walikufa kwa risasi za Waturuki, katika shambulio la mchana lililopangwa ovyo. Ukikutana na mtu anayesimulia wingu, muulize kuhusu padri.

7. East Surrey: mechi isiyo na refa

Kapteni Wilfred Nevill, miaka 21, alihofu kwamba vijana wake wa batalioni ya 8 wangeganda watakapoamriwa kutoka handakini. Alipokwenda likizo akanunua mipira. Asubuhi ya Julai 1, 1916, karibu na Montauban huko Somme, mipira ikapigwa kuelekea kwa Wajerumani na askari wakaifuata. Mmoja uliandikwa kwamba hii ni fainali ya kombe la Ulaya, East Surrey dhidi ya Wabavaria. Mwingine ulitangaza kwamba refa hakuna, jambo ambalo siku hiyo lilikuwa kweli tupu.

Nevill aliuawa karibu na waya wa adui. Hadi jua linazama Waingereza walikuwa wamepoteza watu 57,470, kati yao 19,240 wakiwa maiti.

Sasa sikia kinachosahauliwa. East Surrey walifika walikotumwa. Montauban ilitekwa, moja ya mafanikio machache ya siku ile, na mchango mkubwa ulitoka kwa mizinga mikubwa ya Wafaransa waliokuwa jirani, ambayo ilishawasaga Wajerumani kabla mpira haujaguswa. Mpira ukaingia kwenye hadithi. Mizinga ya Wafaransa haikualikwa.

Upande wa kaskazini wa uwanja huohuo, huko Serre, batalioni ya Accrington ya rejimenti ya East Lancashire ilitoka handakini na watu kama 720, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa viwanda waliojiandikisha pamoja, ndugu na majirani. Ndani ya nusu saa 584 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Hao hawakuwa na mpira, na huenda ndiyo maana leo ni mara yako ya kwanza kuwasikia.

6. Rejimenti ya Parachute: mwavuli wa ziada

Arnhem, Uholanzi, Septemba 17, 1944. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: askari wa miavuli washuke, washike daraja la mwisho kwa siku mbili hivi, vifaru viwafikie. Vifaru havikuwafikia. Batalioni ya 2 chini ya Luteni Kanali John Frost ikang'ang'ania ncha ya kaskazini ya daraja hadi risasi zikaisha.

Hapo anaingia Meja Digby Tatham-Warter, askari wa miavuli aliyekuja na mwavuli wa ziada, ule wa mvua. Alikuwa msahaulifu wa neno la siri. Akaona kwamba mtu mwenye mwavuli katikati ya mapigano hawezi kudhaniwa kuwa mwingine ila Mwingereza. Mwenzake alipomuuliza utamfaa nini na makombora yote haya, naye akamuuliza: mvua ikinyesha je? Inasimuliwa kwamba kwa mwavuli huohuo alimchokoa dereva wa gari la deraya kupitia tundu la kuchungulia, na gari likaishia hapo.

Akajeruhiwa, akatekwa, akatoroka hospitali kwa kupitia dirishani, akajificha kwa Waholanzi akijifanya kiziwi na bubu. Mwezi mmoja baadaye alikuwa miongoni mwa walioongoza watu 138 kuvuka mto Rhine usiku. Sinema ya 1977 kuhusu daraja lile ilimpa jina jingine kisha ikamuua, wakati mwenyewe alikuwa Kenya, anakunywa chai. Alihamia huko baada ya vita. Wakati wa Mau Mau alisimama upande wa serikali ya kikoloni. Na alifia Nanyuki mwaka 1993.

Divisheni yake ilikwenda Arnhem na watu kama 10,000. Waliovushwa mto kurudi salama mapigano yalipokwisha hawakufika 2,500. Lakini mwavuli, jamani!

5. Gloucestershire: beji ya kisogoni

Rejimenti nyingine huvaa beji mbele ya kofia. Hawa walivaa mbele na nyuma. Machi 21, 1801, huko Alexandria, Misri, wakiwa bado wanaitwa rejimenti ya 28, Wafaransa waliwavamia kutoka mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Safu ya nyuma ikaamriwa igeuke, wakapigana mgongo kwa mgongo. Beji ya kisogoni ni heshima ya siku hiyo. Pia ni kukiri kwamba walizungukwa, ila hilo husemwa kwa sauti ya chini.

Miaka 150 ikapita, wakazungukwa tena. Aprili 1951, mto Imjin, Korea. Batalioni ya 1 chini ya Luteni Kanali James Carne iko kilimani, na Wachina wanakuja usiku kwa maelfu. Brigedia Tom Brodie anamweleza mkubwa wake, jenerali wa Kimarekani, kwamba hali imekuwa ngumu kidogo. Kwa Mwingereza mwenye cheo, hicho ni kilio cha msibani. Mmarekani aliyachukua maneno jinsi yalivyosemwa, akaona vijana wanajimudu. Amri ikabaki ileile: kaeni hapohapo. Angekuwa Mswahili kwenye ile redio angeanza na "Tumekwisha, ndugu zangu!" na msaada ungefika kabla hajamaliza kupumua.

Wachina walipeana ishara gizani kwa matarumbeta. Mkuu wa wapiga ngoma, Philip Buss, akaagizwa ajibu. Akasimama wima juu ya kilima akapiga miito yote aliyoijua, ya kuamka, ya chakula, ya zamu, yote isipokuwa mmoja: wa kurudi nyuma. Asubuhi ya mwisho risasi ziliisha. Wachache waliponyoka, wengi walichukuliwa mateka pamoja na Carne, ambaye baadaye alivishwa Msalaba wa Victoria. Kilima kile, namba 235 kwenye ramani, leo kina jina lao.

4. Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers: wazee wa pori

Mei 1915 ilitua Mombasa batalioni ambayo haikupitishwa kwenye mafunzo ya kawaida, kwa maelezo kwamba watu wake hawana la kufundishwa. Walikuwamo wawindaji wa tembo, watafuta dhahabu, waliowahi kutumikia Legioni ya Kigeni ya Ufaransa, na mpiga picha za wanyama Cherry Kearton. Na zaidi ya wote alikuwapo Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, mwenye miaka 63. Wenzake wa rika lile walikuwa nyumbani wanalalamikia magoti.

Juni mwaka huo walivuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu, wakiwa na Loyal North Lancashire (jina hilo liweke akilini) na askari Waafrika wa Keya, wakaivamia Bukoba na kuharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Kazi safi. Kisha wakapata ruhusa ya kupora, na wale waliokuja kutufundisha ustaarabu wakaonekana mitaani wamelewa, wamevaa sare za Kijerumani walizozitoa makabatini, mikono imejaa vitu vya watu. Vitabu vya rejimenti hupenda zaidi kituo cha simu.

Adui aliyewamaliza hawa wazee alikuwa malaria, akisaidiwa na kuhara na funza. Selous yeye alipigwa risasi na mdunguzi huko Beho Beho, karibu na Rufiji, Januari 4, 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65. Alizikwa palepale. Pori la akiba likaitwa kwa jina lake, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Maisha yake yote aliwapiga risasi wanyama, na kwa karibu karne nzima wanyama wakalindwa kwa jina lake. Wapagazi Waafrika waliokufa kwa makumi ya maelfu wakibeba mizigo ya vita hiyohiyo hawajapewa hata kichaka.

3. Lancashire Fusiliers: wala mawaridi

Agosti 1, 1759, Minden, Ujerumani. Duke Ferdinand wa Brunswick anatoa amri kwamba wakati wa kusonga ukifika, watu wasonge kwa ngoma. Amri inawafikia Waingereza ikiwa imepungua maneno: songeni, kwa ngoma. Basi rejimenti sita zikaondoka, saa ileile, bila kusubiri mtu. Mbele yao kulikuwa na wapanda farasi wa Ufaransa.

Elimu ya vita ya wakati ule ilikuwa wazi: askari wa miguu hashambulii farasi kwenye uwanja wa wazi, labda kama amechoka na maisha. Hawa walisonga, wakasimama, wakangoja farasi wawe karibu kabisa, wakafyatua pamoja. Wimbi la kwanza likavunjika. La pili likavunjika. La tatu pia. Wafaransa wakashindwa vita kwa sababu mtu mmoja hakuielewa amri vizuri.

Kilichobaki ni wapanda farasi wa Uingereza wawakimbize waliovunjika. Mkuu wao, Lord George Sackville, aliamriwa mara kadhaa. Kila mara akawa na swali. Mwaka 1760 mahakama ya kijeshi ilimtangaza kuwa hafai kumtumikia mfalme katika kazi yoyote ya kijeshi. Mwaka 1775 serikali ikamtafuta, ikampa uwaziri wa makoloni ya Amerika, yaani kuendesha vita dhidi ya George Washington. Matokeo unayajua.

Inasemekana askari walichuma mawaridi njiani siku ile, na hadi leo warithi wa rejimenti zile huvaa waridi kila Agosti 1. Lancashire Fusiliers, waliotokana na rejimenti ya 20, wakapitiliza: afisa mgeni alitakiwa kulila waridi lenyewe mezani, na shampeni ya kuteremshia.

Hapa kicheko kikae kando kidogo. Wala mawaridi haohao ndio waliopandishwa ndege Misri wakatua Nairobi Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari na Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Baada yao zikaja kwa zamu Buffs, Devon, Black Watch na wengine, pamoja na hawa Gloucestershire wa beji mbili. Hakuna ua la kuvaa kwa ajili ya misitu ya Nyandarua. Kilichopo ni Juni 6, 2013, siku ambayo waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akasema serikali inasikitika, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228, gharama za kesi zikiwamo. Kosa la kusikia vibaya mwaka 1759 lina sikukuu yake. La Kenya lilihitaji mawakili.

2. Rejimenti ya 24: magunia ya mahindi

Januari 22, 1879, Uzulu. Lord Chelmsford amevuka mto na jeshi lake, amepiga kambi chini ya mlima Isandlwana, na hakuona haja ya kuizungushia kambi mabehewa. Alfajiri akagawa jeshi, akaondoka na nusu kulitafuta jeshi la Mfalme Cetshwayo. Jeshi la Cetshwayo, watu kama 20,000 chini ya Ntshingwayo kaMahole, lilikuwa upande mwingine, limekaa kimya bondeni.

Hadi alasiri watu zaidi ya 1,300 wa upande wa Waingereza walikuwa wamekufa, na kombania za rejimenti ya 24 zilizobaki kambini zilifutika karibu zote. Luteni Melvill na Luteni Coghill walikufa wakijaribu kuiokoa bendera ya Malkia. Ikaopolewa mtoni siku kadhaa baadaye. Kwa Wazulu huo ulikuwa ushindi wa kuandikwa, walioulipia kwa damu nyingi. Kwa Chelmsford ilikuwa habari mbaya inayohitaji kufunikwa na habari njema, haraka.

Habari njema ilipatikana jioni ileile, kilomita chache kutoka hapo. Kituo cha Rorke's Drift kilikuwa na watu wasiozidi 160, wagonjwa wakiwamo, wengi wao wa kombania B ya 24. James Dalton, ofisa wa stoo, ndiye aliyeshauri kwamba kukimbia na wagonjwa kwenye mikokoteni ni kufa, afadhali wajenge ukuta. Wakajenga kwa walichokuwa nacho: magunia ya mahindi na maboksi ya biskuti. Nyuma ya chakula hicho, Luteni Chard na Luteni Bromhead wakawazuia usiku kucha wapiganaji kati ya 3,000 na 4,000 wa Dabulamanzi, ambaye mwenyewe alikuwa amevuka mpaka kinyume cha agizo la mfalme wake. Pande zote mbili, basi, wakubwa hawakusikilizana.

Ikatolewa Misalaba ya Victoria 11 kwa mapigano yale, saba ikienda kwa rejimenti ya 24. Jenerali Garnet Wolseley alinuna, akasema ni kichekesho kuwafanya mashujaa watu waliobanwa ndani ya nyumba wasiweze kukimbia. Mtu mgumu yule, ila alinusa jambo: medali zilikuwa nyingi kwa sababu asubuhi ilikuwa mbaya.

Mwaka 1964 ikatoka sinema ya Zulu, Michael Caine akiwa Bromhead na Mangosuthu Buthelezi akiigiza nafasi ya baba wa babu yake, Cetshwayo. Sinema inawaonyesha askari kama Wawelshi wanaoimba, wakati jina rasmi la rejimenti siku ile lilikuwa la Warwickshire; la South Wales lilikuja 1881. Na haionyeshi kwamba Wazulu waliojeruhiwa waliuawa baada ya mapigano kwisha.

Chelmsford? Alirudi London, Malkia akampokea, akapanda vyeo. Mwaka 1905 alifariki ghafla akiwa klabuni anacheza biliadi. Mbuzi wa Cyprus na asome hapa.

1. Loyal North Lancashire: nyuki wa Tanga

Na sasa, nafasi ya kwanza. Novemba 1914. Meja Jenerali Arthur Aitken anafika pwani yetu na watu kama 8,000 kutoka India. Rejimenti nyingi ni za Kihindi. Batalioni ya 2 ya Loyal North Lancashire ndiyo pekee ya askari wa miguu wa Kiingereza. Watu wamekaa melini wiki nyingi, wanaumwa na bahari. Askari wa Keya, wanaoijua nchi, wamejitolea kusaidia. Aitken amekataa. Ana hakika Wajerumani watakwisha kabla ya Krismasi.

Novemba 2 manowari ya Fox ikatangulia hadi Tanga, na nahodha wake, Caulfeild, akafanya jambo la kiungwana: akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani akamtaka asalimishe mji. Kisha akamuuliza kama bandari imetegwa mabomu. Mjerumani gani angejibu hapana? Basi Waingereza wakaanza kufagia mabomu ambayo hayakuwapo, na Paul von Lettow-Vorbeck akapata muda wa kuwaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi. Usiku wa tarehe 3 Lettow mwenyewe alipanda baiskeli akaingia mjini, akaenda hadi ufukweni kuzitazama meli zikishusha watu. Jenerali mmoja yuko melini na ramani mbaya, luteni kanali mmoja yuko kwenye baiskeli. Hapo vita ilishakwisha, bado kupigana tu.

Tarehe 4 Aitken akawasukuma watu kupitia mashamba na vichaka vya Ras Kasone, mchana wa joto la Tanga. Lettow alikuwa na watu kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Loyal North Lancashire pamoja na askari wa Kashmir wakaingia mjini. Bendera ya Kiingereza ikapandishwa hata juu ya hoteli ya Deutscher Kaiser. Wengine wakakwama, wengine wakatimua mbio. Wajerumani nao walipoteza watu wao, akiwamo Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani. Ndipo milio ya bombom ikawaudhi wenye mji halisi.

Nyuki walikuwa kwenye mizinga yao mitini. Wakashuka. Waliuma pande zote mbili, ila walioumwa zaidi ni batalioni ya 98 ya Wahindi, waliorudi pwani kwa kasi ambayo hakuna ofisa angeweza kuiamuru. Huko Uingereza zikaenea habari kwamba Wajerumani waliwatega nyuki makusudi kwa nyaya. Sifa hata ya kusingiziwa ni sifa.

Tarehe 5 Waingereza wakapanda meli wakaondoka, Loyal North Lancashire wakiwa miongoni mwa waliolinda nyuma kwa utulivu. Ufukweni waliacha bunduki, bombom na risasi 600,000, ambazo ziliwatosha Wajerumani kuendelea na vita kwa muda mrefu sana. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa na kujeruhiwa. Wajerumani hawakufika 200. Aitken alishushwa hadi kanali, akawekwa kando kwa nusu mshahara. Ndiye wa pili katika orodha hii kushushwa cheo, baada ya yule mwenye pembe.

Kwa nini Tanga ni ya kwanza? Rejimenti ya 24 ilipata magunia ya mahindi ya kuifunika Isandlwana. Hawa walipata mlima. Loyal North Lancashire walibaki Afrika Mashariki, wakapigana Bukoba na kwingineko hadi 1916, na kampeni ilipokwisha wakaandikiwa heshima zao za vita. Orodha yao inayo Kilimanjaro. Inayo Afrika Mashariki 1914-16. Tanga haimo.

Una orodha yako? Iandike tuione. Msogeze mbuzi, muondoe hata Selous, sitakasirika. Ila nyuki usiwaguse.